Nyumba ya Maisha Halisi

Ofisini walimwita Ramani, maana hapakuwa na njia ya panya asiyoijua. Kazi yake ilikuwa kuwapangia safari wageni wanaotaka kuishi na wenyeji, kula wanachokula, na wasimkwaze mtu. Nyumba ya kufikia kundi jipya ilipokosekana, akamkumbuka mama yake mdogo.

Mama mdogo alikubali hata kabla ya kuombwa vizuri. Akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa, akaazima mapazia. Ramani alipofika, alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Kochi litoke. Na runinga pia. Wageni wanataka maisha halisi."

"Kwani haya yangu ni ya bandia, mwanangu?"

"Mama mdogo, niachie kazi yangu."

Kochi likatoka. Kisha Ramani akamtazama binti wa nyumba, aliyekaa anachambua mchele, gongo lake limelala kando. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu utotoni. Yeye na Ramani walikua pamoja, wakilala kitanda kimoja na kusoma darasa moja.

"Huyu naye akakae kwa jirani. Wakimwona watahuzunika bure."

Mama mdogo akaendelea kunyoosha mapazia. Binti hakuinua kichwa.

Kesho yake wakaja mke na mume, waliotangulia kukagua kwa niaba ya wenzao. Walikuwa watu wapole kwelikweli. Walivua viatu bila kuambiwa, wakauliza kila jambo kwa adabu, Ramani akitafsiri.

"Wanauliza kama una watoto."

Mama mdogo akamtazama. Ramani hakungoja jibu. Aliwageukia wageni, akawaambia kwa lugha yao kwamba mwenyeji wao hakujaliwa mtoto. Mke akaushika mkono wa mama mdogo, machozi yakimlengalenga. Mama mdogo, asijue anapewa pole ya nini, akatabasamu.

Ndipo gongo likasikika uani. Binti hakwenda kwa jirani. Aliingia na chupa ya chai, akaitua mezani kando ya vikombe, akawakaribisha wageni kwa lugha yao hiyohiyo.

"Na huyu?" mume akauliza.

"Msichana wa kazi," Ramani akajibu, uso mkavu.

Wageni wakatazamana kwa furaha. Nyumba inayompa riziki mtu kama huyu ndiyo hasa waliyokuwa wakiitafuta! Walikubali palepale, wakaaga kwa kuinamisha vichwa.

Walipoondoka, binti akamgeukia mama yake.

"Mama, unajua ulipewa pole ya nini? Wameambiwa huna mtoto. Mimi ni mtumishi wako."

Mama mdogo alichungulia nje walikoelekea wageni. Kisha akamuuliza Ramani, "Lakini wamekubali?"

"Wamekubali."

"Haya," akasema, bila kumtazama mwanawe. "Toa vikombe."

Binti akavitoa kimoja kimoja, maana mkono wa pili ulikuwa wa gongo. Ramani alikaa palepale akimwangalia, asinyanyuke.