Dishi la Mzee Jeconia

Siku alipomuuzia Nereah lile dishi, Billy aliongea utadhani amelirusha yeye mwenyewe hadi mbinguni. Duka lake lilikuwa Kawangware, kwenye ploti ya mzee Kiarie, na ukutani alikuwa amebandika picha ya dishi jeupe likitazama anga tupu, bila wingu wala jani. Alisema intaneti ya setilaiti haibagui kijiji na mji. Alisema baba yake Nereah ataonekana kwenye simu mpaka vinyweleo vya pua. Alisema picha haigandi, na kwa neno hilo Nereah hakuhitaji kusikia zaidi.

Alikuwa na sababu zake. Baba yake, mzee Jeconia, alikuwa mgonjwa wa moyo kule nyumbani karibu na ziwa, mahali ambapo ili simu ishike ilibidi mtu apande kilima, na mzee hata kizingiti cha mlango alikuwa anakivuka kwa kushikwa mkono. Nereah naye alikuwa na mimba inayotishia kutoka, na daktari alimkataza safari yoyote ya mbali. Aliishi Makina, upande wa Kibera, akilala na hofu moja na kuamka nayo: kwamba baba yake angeondoka na yeye asiwepo. Hakuomba mzee apone, maana hakuwa mtoto. Aliomba tu awepo.

Kaka yake Okello alilipokea dishi, akalifunga juu ya paa. Tatizo likawa mti. Kando ya nyumba palikuwa na mti mkubwa wa ober uliotandaza matawi nusu ya boma, na chini yake ndiko alikozikwa mama yao. Okello alipotaka kukata matawi mawili matatu, mzee alisema mkewe hataachwa kwenye jua kwa sababu ya simu. Mambo yakaishia hapo.

Basi picha ikawa inaganda. Mzee angeanza sentensi, kisha akakwama mdomo wazi, mkono hewani, na Nereah akabaki kumtazama mpaka arudi. Mvua ikinyesha huko, ndiyo kabisa. Jioni, watu wote wa eneo lile wakiingia mtandaoni, sauti ilikuwa inachelewa, wakawa wanaongea kwa kukanyagana. Nereah alijikokota hadi Kawangware akiwa amefura.

"Billy, uliniambia hii kitu haigandi."

"Haigandi, siz, kama anga iko wazi. Sasa mimi ningejuaje mko na mti?"

Hapo ndipo alipomweleza yale ambayo angemweleza siku ya kwanza, kama wauzaji wangekuwa watu wa siku ya kwanza. Setilaiti hazikai mahali pamoja, alisema, zinapita. Moja ikijificha nyuma ya matawi, mnangoja nyingine ijitokeze. Kosa la watu ni kukata simu na kupiga upya, au kuanza kuita hello, hello.

"Ikiganda, tulia. Usikate. Itarudi yenyewe."

Nereah alilishika somo hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Akajifunza kutulia. Baadaye hata ikawa mchezo kati yao: mzee akirudi anamkuta binti yake anacheka, anauliza anachekwa kwa nini. "Ulikuwa umeganda, Baba." Mzee anakataa katakata, anasema aliyeganda ni Nereah, tena akiwa na sura mbaya. Alikuwa anamwita Mama, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. Nadhani zile ndizo zilikuwa siku zao nzuri kuliko zote, na zililetwa na mtandao mbovu.

Alasiri moja Okello aliiegemeza simu juu ya stuli mbele ya kitanda cha mzee, akatoka kwenda kumnywesha ng'ombe. Anga ya huko ilikuwa safi. Mzee aliuliza kuhusu mtoto aliye tumboni, kama anacheza. Nereah akasema anapiga mateke kama mtu aliyefungiwa nje. Mzee akatabasamu, akavuta pumzi, akainua kidole.

"Ngoja kidogo, Mama," alisema.

Kisha akaganda, macho kwa binti yake, mdomo wazi kidogo.

Nereah akangoja. Hakukata, hakuita. Aliulaani ule mti kimoyomoyo, akamtaja na Billy. Adhana ya alasiri ikaanza msikitini, ikaisha. Akaenda kuepua chai iliyokuwa inataka kumwagika, akamimina kikombe, akarudi akakaa. Mzee alikuwa vilevile.

"Umeganda tena, Baba," alimwambia, akicheka kidogo, ili akirudi amkute hivyo.

Ndipo kuku alipoingia. Aliingia kwenye picha kutoka upande wa mlango, akadonoa sakafu karibu na miguu ya kitanda, akasimama, akachakura, akatoka zake. Nereah alimtazama kuku yule mpaka akatoweka. Moyo wake ulielewa kabla ya kichwa. Nyuma ya mzee, pazia lilikuwa linatikiswa na upepo taratibu, na huenda lilikuwa linatikisika muda wote huo.

Akapiga kelele akimwita kaka yake. Okello alikuja mbio na ndoo mkononi, akapiga magoti, akamshika mzee shingoni, akamshika mkono.

"Mbona hukuniita?" aliuliza bila kugeuka. "Nilikuwa hapa tu nje."

"Nilidhani ni network," Nereah alisema.

Okello alinyoosha mkono, akamfumba baba yao macho, na picha haikukatika hata kidogo.