Pumzi ya Fundi Saa

Kwa miaka arobaini na mmoja nilitengeneza saa, wala sikupoteza hata skrubu moja. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponialika maabarani kwake nikaone magurudumu anayoyaunda kwa mirija ya kaboni, iliyo myembamba kuliko unywele mara maelfu, nilivaa koti langu la heshima.

Alinipokea amevaa barakoa, akanivalisha na mimi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Lakini mimi siamkiwi na kitambaa. Nionyeshe uso."

"Mume wangu na wivu wake!" Akacheka, akaishusha kidevuni. Nami nikaishusha yangu, maana ilitia ukungu miwani.

Akanisogezea hadubini. Gurudumu lilikuwa na meno kumi na mawili, yote sawasawa. Kwenye jino moja palikuwa na chembe ya vumbi. Midomo ya fundi saa haingoji akili: nikapuliza.

Gurudumu likatoweka. Kando yake kilikuwapo kisahani wazi cha unga mweusi wa mirija hiyo. Sasa kilibaki nusu.

"Babu, usivute pumzi!"

Taa ya ukutani ikawa nyekundu, mlango ukajifunga. Alinipandishia barakoa yangu kwanza, akaibana puani kwa vidole viwili. Ndipo akakumbuka yake, na alipoivaa tu akakohoa humo humo. Mara moja.

Mashine ya kusafisha hewa ilinguruma dakika ishirini. Tuliketi sakafuni, bega kwa bega.

"Unga huo ukiingia mapafuni?"

"Hautoki, Babu. Unachoma taratibu, miaka na miaka."

Taa ilipokuwa ya kijani aliikata barakoa yake, akaitandaza chini ya hadubini. Aliinama kutazama, akajiondoa kabla jicho halijafika kwenye lenzi, akanivuta mkono.

"Nitazamie wewe. Nilikohoa ndani yake. Pakiwa peupe, huenda nimepona."

Niliinama, nikabana pumzi. Nilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijapata kumdanganya mtoto wangu yeyote, na siku hiyo nilitamani kuanza.

"Babu, unaona nini?"

"Nyuzi nyeusi, mjukuu wangu. Nyingi."

Hakuniita mume. Alichukua simu, akampigia daktari, akaeleza kwa utaratibu kama anayesoma ripoti ya mtu mwingine. Maneno yake sikuyafuata. Nilitega sikio kama nilivyozitegea saa mbovu, nikisikiliza pumzi iliyo katikati ya neno na neno.