Bomba la Kuzunguka Makaburi

Hesabu yenyewe si ngumu, na mimi si mtu wa kuikosea. Nilifanya kazi ya maji serikalini miaka kumi na tisa kabla hawajanipunguza. Kijiji kiliponiomba nipige hesabu ya pampu ya kupandisha maji kutoka tangi la bondeni hadi tangi la zahanati, nilimaliza kwa siku mbili. Kupanda, mita thelathini na nane. Yanachopoteza maji kwa kujisugua ndani ya bomba, mita saba. Hedi yote, yaani kimo ambacho pampu lazima iyasukume maji, arobaini na tano. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Sumbawanga yalijaa pampu za kila rangi; tukachanga mahindi na ulezi, tukanunua ya mita hamsini.

Tatizo lilikuwa njia. Mstari ulionyooka ulipita makaburini, miguuni kabisa pa binti yangu Agnesi. Aliondoka kwa kuhara miezi michache kabla ya hapo, miaka sita tu, kwenye zahanati hiyo hiyo ambako muuguzi hakuwa na maji hata ya kunawa mikono.

Vibarua waliposhika majembe nikawaambia bomba lizunguke, lipande mgongo wa kilima kisha lishukie tangini. Hakuna aliyeuliza. Fundi si ni mimi?

Jioni nilirudia hesabu peke yangu. Mgongo ule umelizidi tangi kwa mita tisa, na maji sharti yaupande kwanza. Arobaini na saba. Ongeza bomba refu na viwiko sita vya kukunjia bomba: hamsini na nane, na pampu yetu ni ya hamsini. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni. Mtu mzima, na ufundi wangu wote, nikaiachia pampu na Mungu.

Maji yalifika juu membamba kama uzi. Dizeli ya wiki iliisha kwa siku mbili na tangi halijafika robo. Mkutano ukaitishwa.

"Leonidas," akasema mwenyekiti wetu, Mzee Yohanes, "pampu ni mbovu? Tumrudishie mwenye duka?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Naona aibu mpaka leo, lakini ningesema.

Mke wangu Fransiska akasimama upande wa akina mama. "Shikamoo Mzee. Pampu ni nzima. Nilikuta karatasi nikifua shati la Baba Agnesi, nikaisoma. Bomba lilizungushwa kwa ajili ya mtoto wetu." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu alikufa kwa sababu huko juu hakuna maji. Wa wenzetu nao wafe ili wetu asisumbuliwe? Lipite pale pale."

Siku ya kuchimba, pale miguuni pa kaburi Fransiska hakumruhusu mtu mwingine kugusa jembe. Mimi sikuweza kwenda. Nilibaki bondeni kwenye pampu, nikisingizia kwamba lazima mtu aichunge.

Alasiri nikaiwasha. Haikupita nusu saa nikasikia vigelegele kutoka kilimani, nikajua maji yamefika kwa nguvu. Watu wakaniita nipande nione. Sikupanda.

Fransiska ndiye aliyeshuka, matope mpaka viwikoni. Akakaa kando yangu juu ya dumu la dizeli.

"Tangi linajaa," akasema. "Udongo wa pale miguuni pake bado laini, Baba Agnesi. Haujashikana."

Tukalia wote wawili, na pampu ikaendelea kusukuma maji.