Mshirika wa Ng'ambo ya Mpaka

Shemeji yangu alinichapia maombi ya ruzuku ya kiwanda changu cha mafuta ya alizeti, kisha akaweka jina lake. Nilipogundua, nilingoja siku yangu. Mfuko wa ruzuku hiyo, wa nchi mbili, hautoi hata senti bila mshirika wa ng'ambo ya mpaka. Yule mjuaji hakuwa na mtu huko, akaliacha jina la mshirika wangu vilevile kwenye fomu, wala hakuuliza ni nani. Ni shangazi yangu.

Siku ya ukaguzi shangazi alivuka mpaka. Shemeji akamkimbilia, meno yote nje.

"Karibu, mshirika wangu!"

"Unamfahamu?" mkaguzi akamuuliza shangazi.

"Namfahamu. Ni karani wa mwenye kiwanda."

Nikampa shemeji ufagio mbele ya wageni wote.

"Karani, anzia mlangoni."