Sakafu ya Darasa la Nne

Darasa la Mwalimu Purisima Aclan lilikuwa na sakafu ya kujivunia. Walimu wenzake katika shule ya msingi ya Lunoy walisema nzi akitua pale atateleza avunjike mguu, na kwamba mwanamke asiingie na sketi fupi, maana sakafu ile inaona. Mwalimu Puring, kama walivyozoea kumwita, alicheka kila mzaha huo ulipotolewa, na ulipokawia kutolewa aliungoja. Miaka minne mfululizo wakaguzi kutoka mjini Tagbilaran walikitaja chumba chake kuwa safi kuliko vyote wilayani. Vyeti vinne vilining'inia ukutani chini ya msalaba.

Sakafu haikung'aa yenyewe. Ilipakwa nta nyekundu, kisha ikasuguliwa kwa kumbi la nazi lililokatwa nusu. Mtoto huvua viatu, hukanyaga kumbi kwa mguu mmoja, akalisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka jasho limtoke. Kazi hiyo ilikuwa ya wenye kelele. Mwalimu akitoka darasani, kiongozi wa darasa aliandika kwenye kona ya ubao majina ya waliozungumza, na wenye majina hayo hawakutoka kwenye mapumziko ya saa tatu na nusu. Wenzao wakienda kucheza, wao walisugua. Puring mwenyewe alisomeshwa hivyo, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwezi wa sita shule ilipofunguliwa, majina yalikuwa kumi, siku nyingine kumi na mawili. Watoto wakajifunza kufunga midomo. Kufikia mwezi wa tisa lilibaki jina moja tu, Analyn Cabiling, msichana wa miaka tisa, mwembamba, asiye mkorofi hata kidogo. Kosa lake ni kwamba alipokuwa akikokotoa hesabu aliimba huku mdomo umefumbwa, wala hakujua kama anaimba. Akionywa aliitika, akainamia daftari, na baada ya dakika mbili wimbo ulianza tena, mdogo kama nyuki ndani ya chupa.

Mama yake, Nenita, aliuza ndizi nje ya geti la shule, zile za kukaangwa na sukari na kuchomekwa kwenye vijiti. Kila mapumziko watoto walimzonga kama kuku waliorushiwa mtama. Asubuhi moja Puring alipokuwa akipita, Nenita alimwita, akafuta mikono kwenye aproni na kumpa kijiti cha ndizi za moto.

"Chukua, Mwalimu, si za kulipa. Watoto wa wenzangu wote nawaona hapa, wangu hata pua yake siioni. Najua yuko ndani anasoma. Nawaambia majirani, huyu atakuja kuwa mwalimu kama wewe."

Puring alizishika zile ndizi. Alisema Analyn ni mtoto mwenye bidii. Uongo haukuwa, na kweli haikuwa. Akaenda zake akila, sukari ikamganda kwenye meno, na tangu siku hiyo kijiti cha bure kilimngoja kila asubuhi.

Mwezi wa kumi shule ililetewa mkuu mpya, Arnulfo Jamero, kijana ambaye Puring angeweza kumzaa. Wiki nzima ya kwanza alisimama uwanjani wakati wa mapumziko, daftari mkononi. Aliona jinsi nyasi zilivyozungushiwa chupa zilizopakwa rangi na kibao cha kukataza kukanyaga. Aliona watoto wamebanana kwenye kipande cha ardhi kando ya vyoo, wavulana na mpira wao wamekitwaa chote, wasichana wamekaa ngazini wakitazama. Kisha akawaita walimu. Aliwaambia kwamba anataka wakati wa kucheza uwe wa kucheza. Jumamosi wazazi waje na matairi makuukuu, mianzi na kamba, uzio wa chupa ung'olewe, nyasi wapewe watoto. Na tangu Jumatatu itakayofuata mwalimu asimzuie mtoto ndani wakati wa mapumziko, kwa kosa lolote.

Puring aliuliza sakafu zitasuguliwa na nani. Wenzake waliangua kicheko, na mmoja akasema nzi wa Lunoy sasa watapona miguu.

"Sakafu itakuwa sakafu tu, Mama," mkuu alimjibu kwa upole. "Tutaifagia."

Lakini kwanza, alisema, kila mtoto achore anachofanya wakati wa kucheza. Michoro yote itabandikwa kwenye ukumbi wa mbele, wazazi waione kabla hawajashika majembe.

Ijumaa mchana darasa la nne lilichora. Puring alikusanya karatasi, akazipitia mezani watoto wakishaondoka. Mpira, mpira, ngazi, ndizi za Mama Analyn, mpira. Halafu akafika kwenye karatasi iliyokuwa nyekundu tupu kutoka pembe hadi pembe. Katikati palikuwa na mguu mmoja, vidole vyote vitano vimehesabiwa, umekanyaga kumbi la nazi. Juu kabisa palikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha watu wadogo kama sisimizi. Chini, kwa mwandiko wa kujitahidi: Wakati wa kucheza nasugua. Naona uso wangu.

Aliutia mchoro huo kwenye mkoba wake, katikati ya kitabu cha sala za novena. Alijiambia kwamba mchoro haukupendeza, na Lunoy siku zote wageni hubandikiwa kazi nzuri tu. Alijiambia hivyo mpaka akafika kigangoni, ambako kila Ijumaa jioni alisali rozari na wanawake wenzake.

Kwenye fumbo la tatu alipoteza hesabu ya punje. Kilichomjia hakikuwa mchoro. Ilikuwa Jumatano moja ya mwezi wa tisa, siku moja kabla ya wakaguzi kuja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, watoto wametulia kama maji mtungini, kona ya ubao ilikuwa tupu. Naye Puring aliona kwamba karibu na mlango sakafu imefifia. Alichukua chaki. Aliandika jina la Analyn kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu Analyn ndiye aliyesugua vizuri kuliko wote. Mtoto alilisoma jina lake, akautazama mkono wa mwalimu wenye unga wa chaki, akavua viatu.

Kesho yake kilikuja cheti cha nne. Tangu hapo Puring alikuwa amekwenda kuungama mara mbili. Alitaja uvivu wa kusali na ulimi mwepesi. Jumatano ile hakuitaja. Sasa wanawake walikuwa wamemaliza rozari na kunyanyuka, naye bado amepiga magoti, punje ileile kati ya vidole, akimwomba Mungu jambo moja tu, nalo lilikuwa baya: kwamba lisijulikane.

Jumamosi wazazi walifika mapema. Mmoja alileta matairi manne kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, wengine mianzi mabegani. Walipita ukumbini wakicheka michoro ya watoto wao. Nenita naye alikuja, jembe mkononi, na Analyn kando yake. Walikwenda kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, polepole, wakarudi. Puring alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akipanga viti visivyohitaji kupangwa.

"Wako uko wapi?" Nenita aliuliza.

Analyn aliutazama ukuta. Hakumtazama mwalimu.

"Labda sikuchora vizuri, Mama."

Nenita alimpapasa kichwani, akamwambia basi mwakani. Puring aliyasikia yote. Alitamani sakafu immeze, lakini ile ya ukumbini ilikuwa saruji tupu.

Mkuu akawakusanya watu uwanjani. Hakuna shughuli Lunoy inayoanza bila sala, na hakuna aliyesalisha zaidi ya Mwalimu Puring, kwa hiyo mkuu alimkaribisha yeye bila hata kufikiri. Watu wakavua kofia. Puring alifanya ishara ya msalaba, akasema kwa jina la Baba, akaishia hapo. Watu wakangoja. Aliufungua mkoba, akaitoa karatasi nyekundu.

"Siwezi kusali kabla sijasema," alisema. "Mchoro wa Analyn Cabiling ninao mimi. Niliuficha. Tangu mwezi wa sita mtoto huyu karibu kila siku hatoki kucheza. Anasugua sakafu yangu. Na siku moja hakuwa amekosa lolote, nikaliandika jina lake mimi mwenyewe."

Tairi moja lililoegemezwa ukutani lilianguka, likazunguka, likalala. Puring alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Akainua macho, na ndipo alipoona mzigo umetua wapi. Majirani wote waliokuwa wakiambiwa kila siku juu ya mtoto asomaye hata mapumziko walikuwa wanamtazama Nenita. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa kiganja, na nyuma ya kiganja kile huenda palikuwa na huruma, huenda hapakuwa.

Nenita alisogea mbele. Aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili bila kuitazama. Alisema kwa sauti ya chini, lakini uwanja mzima ulisikia.

"Ungekuja getini, Mwalimu. Kila siku nipo pale. Ungeniambia mimi peke yangu."

Akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Jembe lake lilibaki limelala kwenye nyasi.

Mkuu alisalisha mwenyewe, kwa ufupi. Watu wakaanza kung'oa chupa. Puring alibeba matairi mpaka viganja vikachubuka, na hakuna aliyemkataza wala kumsaidia. Hakuna aliyemtania pia. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba siku nzima hakuna aliyetaja nzi. Jumapili kwenye misa wenzake walipokwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi. Alikuwa amemwomba Mungu lisijulikane, kisha akalitangaza uwanjani, na mara zote mbili alikuwa amejifikiria yeye.

Jumatatu alifika getini kabla ya kengele. Alipanga foleni nyuma ya watoto wawili. Zamu yake ilipofika, alimwomba Nenita radhi kwa kumfungia mtoto, na kwa kuuficha mchoro, na kwa kusema mbele za watu jambo lililokuwa lao wawili. Nenita alikuwa anageuza ndizi kwenye mafuta. Alizigeuza zote, moja moja.

"Analyn anasema ulikuwa ukimwambia anasugua vizuri."

"Ndiyo."

"Alifurahi, Mwalimu. Alikuwa akija nyumbani amefurahi. Hapo ndipo panaponiuma."

Nenita alimpa kijiti chake. Puring akatoa sarafu, na safari hii Nenita aliipokea, akaitia kwenye kopo, akamtazama mteja aliyefuata.

Saa tatu na nusu kengele ililia, na darasa la nne likamwagika nje kuelekea kwenye nyasi. Analyn alibaki kwenye dawati. Viatu alikuwa ameshavivua, ameviweka pamoja ubavuni kwake. Puring alimwambia aende akacheze.

"Nani atasugua?" mtoto aliuliza.

Puring alivua viatu vyake vyeusi vya kisigino kifupi. Alilishusha kumbi kutoka dirishani, akaliweka sakafuni na kulikanyaga. Analyn alimtazama kidogo, akavaa viatu, akatoka. Alisimama kwenye ngazi, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye harusi bila mwaliko. Mbele yake wasichana walikuwa wanazungusha kamba mpya.

Puring alisugua mlango ukiwa wazi. Walimu wawili walipita, wakaona, wakainamisha vichwa na kupita. Tangu utoto hakuwa amefanya kazi hii, na alikuwa amesahau jinsi paja linavyowaka moto, na jinsi sauti za nje zinavyosikika vizuri ukiwa ndani. Alihesabu. Mtoto yule alikuwa amesugua miezi mitano. Yeye dakika sita zilikuwa zimemtosha.

Kivuli kilitokea mlangoni.

"Mwalimu, unaegemea kisigino," Analyn alisema. "Egemea vidole. Halafu goti usilikaze."

Alisema bila kejeli yoyote, kama fundi kwa fundi. Nje mtu akamwita, kwamba Analyn, njoo ushike kamba, mwenzio amechoka. Aligeuka. Akashuka ngazi, kwanza kwa kutembea, kisha akakimbia.

Puring aliegemea vidole. Karibu na mlango, palepale palipokuwa pamefifia siku ya Jumatano ile, sakafu ikaanza kung'aa, na alipoinama aliuona uso wake. Hakuuangalia muda mrefu. Alilirudisha kumbi dirishani, akajipangusa jasho, akavaa viatu.

Kengele ilipolia tena, watoto walikuja mbio, wakaanza kuvua mlangoni viatu vilivyojaa matope. Aliwaambia waingie navyo. Walitazamana, hakuna aliyethubutu. Mwishowe Analyn alipita katikati yao, matope ya uwanjani yamemfika vifundoni, na akavuka sakafu nyekundu mpaka kwenye dawati lake akikanyaga taratibu, taratibu sana, kama anayepita juu ya kitu chenye roho.