Dakika Thelathini za Mama Kibao

Glenys Tattersall alisimamisha malori kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na koti la njano na kibao cha duara kwenye fimbo, na alipoingia nacho barabarani mbele ya shule ya msingi, kila kitu kilisimama: mabasi, gari la maziwa, hata wale wa pikipiki. Watoto walimwita Mama Kibao. Kisha halmashauri ikaweka taa pale, ikamuaga kwa keki. Naye, na miaka yake hamsini na miwili, akaomba kazi polisi.

Si polisi kamili. Askari wa mtaa, wale wenye utepe wa buluu kwenye kofia, wasio na pingu wala rungu. Alikwenda darasani wiki kadhaa, akarudi na daftari. Alinisomea jikoni kwangu. Nilikuwa nimepanga ghorofa ya tatu, mlango wangu ukitazamana na wa Wilf Ollerenshaw, na mambo ya Wilf ndiyo yaliyokuwa yakimleta Glenys jengo letu kila mara.

"Kukamata siwezi," alisema. "Lakini mtu akisumbua watu, halafu akatae kunitajia jina na anapokaa, namshikilia dakika thelathini mpaka konstebo afike."

"Na konstebo asipofika?"

"Atafika, mzee. Redio ya nini sasa?"

Nimekaa nchi nyingi na nimesikia hilo neno "atafika" kwa lugha nyingi. Nikamwongezea chai.

Habari ya Wilf ilikuwa hivi. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mjane, magoti mabovu. Siku moja Corey, jamaa wa miaka ishirini na kitu, alibisha hodi akaomba choo. Kesho yake akaja na samaki na chipsi, wakala pamoja. Wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili. Mwezi ulipokwisha walikuwa wakiuzia unga wa kulevya sebuleni, ufunguo uko mfukoni mwa Corey, na Wilf analala kwenye kiti jikoni, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akitaka kutoka anabisha ili afunguliwe.

Glenys alimshika mkono pale ngazini akamwambia, "Ufunguo wako nitakurudishia. Mimi mwenyewe."

Jumamosi moja mchana nikasikia sauti nje, nikafungua mlango kidogo. Corey alikuwa amewatukana wanawake wa ghorofa ya chini na kumwaga takataka zao, na Glenys alikuwa amemfuata mpaka juu.

"Jina lako?"

"Ah, Mama Kibao! Si ulikuwa unanivusha barabara?"

"Jina lako kamili na unapokaa."

"Andika Baba Krismasi. Nakaa kwenye barafu."

"Basi hutoki hapa." Akaangalia saa, akaandika: nane na dakika kumi. Akaita kwenye redio. Redio ikajibu gari liko njiani.

Corey akaketi kwenye ngazi, akafungua pakiti ya chipsi kavu. "Polisi wa plastiki," alisema, bila hasira. "Karibu, uchukue moja."

Hapo ndipo Glenys alipokosea. Ni kosa la mtu aliyezoea kunyanyua kibao na lori likasimama. Aligonga mlango wa Wilf, akaita, "Wilf, mzee wangu, njoo. Gari linakuja. Sema sasa, na mimi nipo."

Siku hiyo Corey hakuwa ameufunga kwa ufunguo; Wilf akatoka na ndara zake, mlango ukajifunga nyuma yake. Akamnyooshea Corey kidole. "Huyu ndiye mwenye ufunguo wangu. Wanauza vitu vyao kwangu. Naogopa kulala."

Corey aliacha kutafuna. Alimtazama Wilf kwa muda mrefu, kisha akachukua chipsi nyingine.

Saa nane na dakika ishirini na saba redio ikasema mashabiki wanapigana karibu na uwanja wa mpira, gari limegeuzwa. Glenys akaomba gari jingine. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena, sauti imepanda.

"Dakika tano, Mama Kibao," Corey akasema akiangalia simu yake. Baadaye, "Mbili." Baadaye akasimama, akapangusa suruali. "Haya. Sheria ni sheria, au siyo?"

Glenys alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mikono ameitanua. Nilidhani hatatoka. Kisha akasogea ukutani.

Corey hakushuka. Alitoa ufunguo, akafungua mlango wa Wilf, akaushikilia uwe wazi. "Ingia, babu. Utapigwa na baridi."

Wilf akaingia.

Konstebo alifika saa tisa na nusu, kijana mpole, jicho limevimba. Corey hayupo, sebule imefagiliwa safi. Wilf alizungumza akitazama ndara zake. "Yule ni mpwa wangu. Ufunguo nilimpa mwenyewe. Huyu mama amechanganya mambo."

"Wilf," Glenys alisema. "Wilf, jamani."

Konstebo akaja kubisha kwangu. Nilimwambia nilikuwa naangalia mbio za farasi, sikusikia kitu. Glenys alikuwa nyuma yake. Hakunilaumu. Alifunga daftari lake tu, na tangu siku ile hajanywa chai kwangu.

Kazi hakuacha. Bado anazunguka mtaani, ananyang'anya vijana bia, anaelekeza watu kituo cha basi.

Jumatano iliyopita nilimwona Wilf mbele ya shule ya msingi, amebeba mfuko wa bia na sigara ambazo yeye hanywi wala havuti. Glenys alikuwa upande wa pili. Barabara ilikuwa tupu, hakuna hata baiskeli, naye Glenys akanyanyua mkono kumwita avuke. Wilf akainamisha kichwa. Akabonyeza kitufe cha taa, akasubiri ibadilike, akavuka, akampita.