Nauli ya Kwenda Mwezini

Langoni pa shule yetu fundi rangi aliandika ukutani, kwa herufi kubwa za buluu: KUULIZA SI UJINGA. Wazazi hupiga picha pale siku ya kuandikisha watoto. Mimi nafundisha chekechea, chumba cha mwisho nyuma ya stoo, na siku hizi nikipita hapo langoni natamani ndoo ya chokaa nifute maneno yote.

Nitaeleza kwa nini, ila msinitake niongee kwa upole.

Chumbani kwangu kuna roketi. Ni boksi la friji tuliloliomba dukani, tukalibandika karatasi za kung'aa na kulitoboa dirisha la duara. Kofia za marubani ni mabakuli ya plastiki. Walimu wenzangu wananiita Mama Roketi, nami nawaacha wacheke, maana najua ninavyoonekana na bakuli kichwani. Lakini roketi yangu ina sheria moja: hakuna kupanda bure. Nauli ni swali, na liwe lako mwenyewe, si la kudandia kwa mwenzako. Ukishalipa tunahesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu, mbili, moja, boksi linatikiswa, tumeondoka.

Basi ndiyo nikayasikia mambo. Mwezini kuna choo? Jua nani analizima? Nyota ikianguka inaumia? Mengi siyajui, na nawaambia siyajui, kisha tunatafuta pamoja.

Aliyelipa nauli kuliko wote ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, kitoto kifupi kisicho na meno mawili ya mbele. Alipoanza shule alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Alilizunguka boksi wee, siku baada ya siku, hasemi. Asubuhi moja akasimama mlangoni pa roketi akaninong'oneza, "Mwalimu, mbona mwezi unatufuata tukitembea?" Tangu hapo mdomo haukufungwa tena, nasi tukamwita Bi Mbona.

Ni yeye aliyeugundua mwezi wa mchana. Walikuwa wanacheza uwanjani, jua linawaka, akapiga kelele, "Njooni muone, mwezi umesahau kwenda kulala!" Tukaingia stoo na mpira na tochi, tukafunga mlango, tukauzungusha ule mpira mpaka tukaelewa kwamba mwezi uko safarini wakati wote, uwe usiku, uwe mchana. Bi Mbona akatikisa kichwa kama mtu mzima. "Kumbe hauna zamu ya usiku tu," akasema.

Sasa, kwetu mtoto haingii darasa la kwanza mpaka ahojiwe na mwalimu mkuu. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine, naye atafutiwe shule kwingine. Mama yake Bi Mbona yuko kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni na hana wa kumsaidia. Shule nyingine iko mbali, ng'ambo ya barabara kuu, na mtoto wa umri ule havuki barabara ile peke yake. Kwa hiyo siku ya mahojiano mama alikuja amevaa gauni lake la heshima, nami nikakaa pembeni kama mwalimu wa darasa.

Mwalimu mkuu alimwonyesha mtoto picha ya mwezi. "Huu unaonekana lini?"

"Usiku," akajibu Bi Mbona. "Na asubuhi."

"Usiku au mchana? Chagua moja."

"Yote."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi, akachora mkasi, ile alama ya kukosa, kwenye karatasi yake. "Mwalimu, mtoto wako hajui kutofautisha usiku na mchana."

"Mwalimu mkuu," nikasema, "hebu geuka uangalie dirishani."

Mwezi ulikuwa pale, nusu yake, mweupe, juu ya tangi la maji. Mwalimu mkuu akageuka. Aliuona! Naapa aliuona, maana alitulia kidogo. Kisha akanyanyuka, akavuta pazia.

"Tusimvuruge mtoto," akasema. "Jibu ni usiku. Samaki mkunje angali mbichi, Mwalimu. Tukimzoesha kujibu ovyo sasa, mbele itakuwaje?"

Ovyo! Mtoto amesema kweli, anaambiwa ovyo. Na samaki huyo wanayemtaja kila siku, jamani, ameshavuliwa, anakwenda kuliwa. Mimi sifundishi samaki.

Mama akamwinamia binti yake. "Mwanangu, sema usiku."

"Lakini mama, si uko pale nyuma ya pazia?"

"Sema tu, mama."

"Dada yangu, mtoto hajakosea," nikaingilia.

Mama akanitazama, macho yamemjaa machozi. "Mwalimu, wewe una roketi. Mimi nina cherehani na mtoto mmoja. Nafasi hii ikipotea, nimpeleke wapi?"

Alikuwa na haki. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo: kwamba shida ya mama wa watu ndiyo iliyotumika kumfumba mdomo mwanawe.

Bi Mbona akalitazama pazia. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

"Usiku," akasema.

"Umeona? Kumbe unajua!" Mwalimu mkuu akafuta ule mkasi, akafungua droo, akampa peremende.

Mama alishukuru mpaka akapiga goti. Nilimngoja atoke, mtoto akakimbilia darasani, kisha nikamwambia mwalimu mkuu, "Umempa mtoto pipi kwa kusema uongo."

"Kapita, Mwalimu," akanijibu, tayari ameshika karatasi ya mtoto mwingine. "Unataka nini zaidi?"

Niliporudi darasani wenzake walikuwa wamepanga foleni kwenye roketi. Bi Mbona akajipanga, peremende bado ameifumbata, hajaifungua. Zamu yake ikafika.

"Nauli?" nikauliza.

Alinichunguza usoni, macho, mdomo, kama anatafuta kitu nilichoficha. Mwishowe akasema, "Mwalimu, swali sahihi ni lipi?"

Jamani. Mtoto yule alikuwa hana kipimo ila macho yake, na kwa asubuhi moja tu tumemfundisha kuangalia nyuso za wakubwa kwanza.

Nikavua bakuli kichwani. Nikamwachia msaidizi wangu foleni, nikamshika Bi Mbona mkono, tukatoka tukaketi kwenye ngazi ya mlango. Sikumwonyesha kitu wala sikumuuliza kitu. Mwezi ulikuwa umeshuka kidogo, umekaribia kuligusa tangi. Tulikaa. Wenzake ndani wakahesabu, wakapaa, wakarudi, wakapaa tena, yeye ametulia tu anageuzageuza peremende yake.

Kisha akainua kichwa.

"Mwalimu, mbona mwalimu mkuu aliuona, halafu akafunga pazia?"

"Hiyo," nikamwambia, "ni nauli ya kwenda na kurudi."